Mbwa Asioge Siku Kumi na Nne

Asubuhi hiyo Mtaalamu alikuwa amechuchumaa barabarani, chini ya ngazi za chumba chake cha kupanga, anaifuta pikipiki kwa fulana kuukuu. Mwenyewe alikuwa mtu wa kuoga harakaharaka na kula amesimama, lakini pikipiki aliifuta polepole, kama mama anavyomfuta mtoto kamasi. Alikuwa na sababu. Pikipiki ile ndiyo ilikuwa miguu yake, ofisi yake na mlango wake wa dharura. Mitaa minne alishaihama juu ya kiti kile, na yote minne aliihama bila kuaga.

Mtaa wa kwanza aliuza dawa ya kuotesha nywele, mpaka wenye vipara walipoanza kuulizana. Wa pili aliuza dawa ya kunguni, na kunguni wakanenepa. Ya mitaa mingine tuyaache. Cheo cha utaalamu alijipa mwenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kumpa.

Alipoinua macho, akamwona mbwa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni, na kwenye ngazi ya saluni mbwa wa pale, jina lake Meneja, alikuwa anajikuna. Hakuwa anapitisha muda, alikuwa kazini. Mguu wa nyuma ulipiga mbavu kama cherehani, ngozi kavu ikamwagika chini kama unga, na kiunoni manyoya yalishaondoka zamani. Kando yake alisimama mwenye saluni, mama wa makamo mwenye kucha ndefu na subira fupi. Alikuwa amemaliza tu kumsugua kwa povu la sabuni ya unga, ileile ya kufulia mataulo. Alimsugua hivyo kila asubuhi, ili wateja wasikute harufu ya mbwa.

Mtu mwenye macho angeliona beseni la povu lililokuwa pale miguuni pa mama. Macho ya Mtaalamu yaliliruka beseni yakatua kwenye pochi yake.

Alipanda chumbani akachanganya mafuta ya nazi, unga wa shayiri uliobaki chini ya kopo, na vijiko viwili vya siki ili mambo yanuke, kwa sababu dawa isiyonuka watu hawaiheshimu. Akamimina kwenye chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi, akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama unauza kitu, leo sinunui."

Hakuwa anauza, alisema. Alikuwa anapita tu, roho ikamuuma kumwona kiumbe anateseka. Akaeleza kwamba mbwa yule amepungukiwa na vitamini za nje. Za ndani anazo, zinaonekana machoni, ila za nje zimemwisha. Mama Saluni akamsikiliza huku anapiga kucha zake tupa. Akauliza bei, akaambiwa, akacheka mpaka bei ikapungua nusu.

"Ila kuna sharti," Mtaalamu akasema, na sauti ikashuka kama ya mtu anayesoma wosia. "Siku kumi na nne asioge. Akiguswa na maji tu, dawa inakufa, na mimi usinilaumu."

Sharti hilo alilitoa kwa kila dawa aliyowahi kuuza, iwe ya nywele au ya kunguni. Halikuwa tiba. Zilikuwa siku za yeye kufungasha mizigo. Na mteja akija juu mapema, hakuna mwenye mbwa duniani anayeweza kuapa kwamba mbwa wake hakupita kwenye dimbwi.

Siku ya kumi, begi likiwa limeshafungwa, simu ikalia. Ilikuwa picha ya Meneja, kiuno kimeanza kuota manyoya, na chini yake maneno: mwanangu njoo, mbwa amepona.

Mtaalamu alidhani ni mtego. Akaenda, akaiacha pikipiki inanguruma nje. Lakini mbwa alikuwa amelala chali, ngozi laini, hajikuni hata kwa heshima ya mgeni. Mtaalamu akampapasa. Akampapasa tena. Na hapo likatokea jambo la aibu kuliko yote katika kazi yake. Akaamini. Akarudi nje akaizima pikipiki.

Mama Saluni alimkalisha kwenye kiti cha wateja, kile kinachozunguka, akamletea soda. Akasema kipaji kama hiki kuuzwa chupa moja moja ni dhambi. Yeye stoo yake imejaa makopo mia mbili ya mafuta ya nazi ya kupaka nywele. Mtaalamu anayo akili, yeye anayo mali. Mtaalamu akakiri kwamba fedha taslimu hana. Mama akatazama dirishani, taratibu, kama mtu anayeangalia mvua.

"Kwani mkurugenzi wa kampuni anapanda pikipiki?" akauliza.

Mtaalamu alicheka. Hakuwa amewahi kujifikiria hivyo, ila sasa alipofikiria, aliona kweli, upepo wa pikipiki haufai kwa tai ya shingoni. Kabla soda haijaisha, kadi ya pikipiki ilikuwa imeingia kwenye pochi ya mama, na msusi wa pale saluni, mpwa wake mama, akatia sahihi kama shahidi, vidole vimejaa mafuta.

Makopo yalikuja kwa mkokoteni safari tatu, yakajaa chumbani mpaka kitandani. Yalikuwa yamechacha tangu mwaka juzi, na wanawake wa mtaa mzima walishayakataa. Mtaalamu hakusoma tarehe. Tarehe ni kitu alichozoea kuwabandikia wengine.

Mteja wa kwanza wa kampuni alikuwa mwenye bucha, mtu wa maneno machache na mikono minene. Mbwa wake naye alijikuna. Tofauti ni kwamba yeye alijikuna kwa sababu ya viroboto, na tangu azaliwe hakuwahi kuogeshwa. Mtaalamu akatoa dawa, akatoa na sharti. Basi viroboto wakapewa wiki mbili za amani, na mafuta ya kulainishia njia. Siku ya sita mbwa alikuwa ananuka kiasi kwamba wanunuzi wa nyama walikuwa wanavuka barabara.

Jioni hiyo msusi akabisha hodi kwa Mtaalamu.

"Mwenye bucha anakutafuta, kaka. Alikuja saluni kuuliza unakaa wapi."

"Mkamwambia hamnijui?"

"Shangazi amemwonyesha dirisha lako. Tena amesema si vizuri mgeni apotee, akanituma nimsindikize. Yuko hapo chini ananunua vocha."

Mtaalamu akakaa juu ya makopo. Akasema mwenye bucha hajui kuitumia dawa, ndiyo shida. Mbona Meneja alipona?

Msusi akamwangalia kwa huruma ya aina ile ambayo afadhali mtu atukanwe. "Chupa yako hata haikufunguliwa. Shangazi alisema inanuka kama soksi. Alifuata sharti tu, kwa sababu lilikuwa la bure na linaokoa sabuni. Ile sabuni inachubua vidole vyetu sisi, sembuse mbwa. Siku hizi anamwogesha kwa mwezi mara moja, maji matupu."

Viatu vizito vikaanza kupanda ngazi. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na dirisha lilikuwa limezibwa nusu na makopo. Mtaalamu akatoa simu, akaandika: Shikamoo mama. Naomba uniazime pikipiki, saa moja tu.

Akachungulia juu ya makopo. Ng'ambo, Mama Saluni alikuwa amekaa kwenye kiti cha pikipiki, miguu ubavuni, simu mkononi. Akausoma ujumbe. Akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kumkuna Meneja nyuma ya sikio.