Diski ya Marehemu

Mteja wa kwanza wa siku, katika soko la vifaa vya umeme la Saigon, si mtu wa kuchezea. Akinunua bila maneno mengi, biashara itateleza mpaka jioni. Akishikashika vitu halafu akaondoka mikono mitupu, mwenye kibanda atachoma karatasi mlangoni kufukuza nuksi, na bado atashinda akipiga miayo. Kha aliamini jambo hili kwa moyo wote, na ukweli usemwe, hakuwa na mambo mengi aliyoyaamini.

Asubuhi hiyo alikuwa amechuchumaa mbele ya mungu wa mali, yule mnene anayekaa sakafuni ndani ya kisanduku chekundu, akimwekea kahawa nyeusi na sigara iliyokwisha kuwashwa. Alikuwa na ombi zito. Jumapili alikuwa anapeleka posa kwao Uyên, msichana aliyempenda kwa dhati, na baba wa msichana hakuwa amewahi kumtia machoni. Mzee Lượng alikuwa mtu wa bolero, zile nyimbo za zamani za mapenzi na majonzi. Aliimba sebuleni kwake kila jioni, akajirekodi, na rekodi zote akaziweka kwenye kompyuta aliyoiagiza kwa simu, ikaletwa na mtu wa pikipiki. Kompyuta hiyo ikameza nyimbo zote. Majirani walifika kumpa pole, baadhi yao wakiwa na nyuso za furaha kidogo. Tangu hapo mzee alikuwa ameapa kwamba tapeli aliyemuuzia akimpata, atamlisha ile kompyuta kipande kwa kipande.

Uyên alipomsimulia, Kha alikasirika sana. Alisema watu wa namna hiyo ndio wanaolichafulia soko jina. Kwamba soko lina vibanda vingi, na kwamba kibanda kimojawapo ni chake, hilo hakulifikiria. Aliahidi kwamba siku ya posa angempelekea mzee kompyuta mpya, na kweli akaitafuta mpya, ikiwa ndani ya boksi lake, utepe haujakatwa. Ilikaa kwenye rafu ya juu. Kilikuwa kitu pekee kipya katika kibanda kizima.

Vingine vyote vilikuwa vimerudishiwa ujana. Ofisi ikifilisika na kufungwa, Kha alinunua diski za kompyuta zake kwa kilo, zile ndogo bapa zisizozunguka. Kila diski hujihesabia yenyewe imefanya kazi kwa muda gani, kwa hiyo hesabu hiyo aliirudisha kwenye sifuri. Akabandika lebo mpya, akadondosha tone la rangi ya kucha juu ya skrubu, ili mteja akiifungua rangi ipasuke na dhamana ife, kisha akaitia kwenye kompyuta inayong'aa. Rangi yenyewe alikuwa ameiazima kwa Uyên, zambarau iliyokolea kama ganda la mangostini, na alikuwa bado hajairudisha. Kufuta nako alifuta kivivu. Diski ikiamriwa ipasavyo hujisafisha yenyewe mpaka chembe ya mwisho, lakini Kha alichana ukurasa wa yaliyomo tu. Kitabu chenyewe kilibaki humo ndani, kikisomeka na yeyote mwenye subira. Aliamini kwamba dunia nzima inafuta hivyo.

"Umefungua, mwanangu?"

Aligeuka. Alikuwa mama mmoja wa makamo, kofia ya ukindu kichwani, kikapu cha plastiki mkononi, mboga zikichungulia. Kha alisimama haraka. Mteja wa kwanza alikuwa amefika, na moshi wa ubani ulikuwa bado unapanda.

Mama alikaa, akapangusa jasho, akatoa kwenye kikapu leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na diski moja. Juu yake kulibandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: Ya mzee, msifungue. Akaeleza kwamba ni ya marehemu mume wake, Mungu amweke pema, mtu aliyekuwa akikesha na mambo ya sarafu za mtandaoni mpaka chakula kinapoa. Alipokufa, kijana wa jirani akasema hii haina faida tena, akaifuta, akampa.

"Aliifutaje?" Kha aliuliza, akijifanya anapanga nyaya.

"Nitajuaje mimi? Nilikwenda jikoni kuepua sufuria, narudi, kamaliza."

Kha aliinama kuokota waya ambao haukuwa umeanguka. Muda wa kuepua sufuria moja tu. Huko kulikuwa kufuta kwa kuchana ukurasa, kama anavyofuta yeye mwenyewe. Ufunguo wa siri wa sarafu, na kwa hiyo utajiri wote wa marehemu, ulikuwa bado umelala humo, na mjane ameushika katikati ya mchicha na vitunguu.

Aliipima diski mkononi kwa huzuni ya daktari. Akamwambia kwamba hii ni takataka, tena takataka inayodhuru, lakini yeye ana mama yake na hapendi kuona mama wa mtu akihangaika. Angeichukua, na badala yake angempa kompyuta nzuri, ile pale inayong'aa.

"Hiyo hapana," mama akasema. "Nataka ile ya kwenye boksi."

"Ile imeshaahidiwa, mama."

"Basi." Akafunga leso, akasimama.

Kha aliangalia ubani. Aliangalia mungu wa mali, ambaye alitabasamu kama kawaida yake, bila kujifunga kwa lolote. Akamwomba mama akae, akamwagizia kahawa ya maziwa. Mama akanywa kahawa, akasema ni tamu, akasimama tena. Safari hii alifika mlangoni, mguu mmoja nje, na Kha akaona siku yake yote ikitoka pamoja na ule mguu.

Alipanda kwenye stuli akaishusha kompyuta. Akajiambia kwamba kwa sarafu za marehemu atamnunulia baba mkwe jengo zima la karaoke. Alimfungia mama boksi kwa kamba, akamwitia pikipiki, akamshika mkono apande. Mama akambariki.

Halafu akashusha mlango wa kibanda na kuanza kuisoma ile diski. Aliisoma mpaka macho yakawa mekundu. Hapakuwa na ufunguo wala sarafu, wala hata picha ya marehemu. Ilikuwa imesafishwa kwa utaratibu ambao yeye hakuwahi kuupa mteja yeyote. Mwishowe kwa hasira akabandua ile plasta, na chini yake, juu ya skrubu, akakuta tone la zambarau iliyokolea kama ganda la mangostini.

Ilikuwa diski yake mwenyewe. Nasikitika kusema kwamba hakutubu. Posa ilikuwa kesho na mkono hauwezi kwenda mtupu, hivyo akabandika lebo mpya, akaichomeka diski kwenye kompyuta inayong'aa kuliko zote, akaifunika kitambaa chekundu.

Jumapili aliingia kwa Mzee Lượng na wazee wake, trei za tambuu na popoo zikitangulia, na zawadi yake ikifuata. Akasujudu mbele ya mizimu ya ukoo kama inavyotakiwa. Alipoinuka aliona, karibu na kipaza sauti cha mzee, kompyuta yake ya kwenye boksi. Kando yake mama wa kikapu alikuwa akimimina chai.

"Huyu ni shangazi Tư, dada yake baba," Uyên alimnong'oneza. "Ndiye aliyenilea. Hajawahi kuolewa."

Mzee Lượng alikuwa na furaha. Alimsifu dada yake kwa kujua kununua. Akasimulia habari za ile kompyuta mbovu, jinsi fundi alivyoichimba kutafuta nyimbo zake akakuta harusi ya watu wasiojulikana na mishahara ya kiwanda cha sosi ya samaki. "Huyo mtu nikimjua," alisema, "mwanangu simpi hata glasi ya maji ampelekee." Kha alikubali kwamba watu ni wabaya. Ndipo mzee akafunua kitambaa chekundu, akaona zawadi, na machozi yakamlengalenga.

"Ya dada itaniwekea muziki wa kuimbia," akasema. "Lakini sauti yangu mwenyewe, kuanzia leo, itakaa kwenye hii ya mkwe."

Kha aliinuka haraka. Aliomba aruhusiwe kupeleka vikombe jikoni. Shangazi Tư alikuwa amekwisha kutangulia, akiosha mchicha.

"Umejuaje?" Kha akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Uyên analalamika mwaka mzima kuhusu chupa ya rangi ya kucha uliyomwazima, na fundi alipoifungua ile mbovu nikaliona tone lake."

"Umemwambia mzee?"

"Mtoto anakupenda. Sijui kwa nini, lakini anakupenda." Akakung'uta mchicha. "Kesho utakuja na diski mpya, mpya ya kweli. Utasema umekuja kupangusa vumbi ndani ya kompyuta, kumbe unaibadilisha. Na jioni zote utakaa hapo kumsikiliza akiimba, mpaka azirekodi upya nyimbo zote alizopoteza."

Kutoka sebuleni mzee alianza kupasha koo moto. Kha alifumba macho, akakubali yote. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara hata akiwa amebanwa, akauliza kama ile diski kuukuu angeweza kuondoka nayo.

"Hiyo niachie," shangazi akasema, akitafuta plasta na kalamu kwenye droo. "Bado hatuna friji, na soko lina vibanda vingi."