Magharibi Niliyoitangaza Vurra

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimekaa Vurra, huku Uganda, nangoja gari la kurudi Arua, tumbo limejaa, aibu pia imejaa.

Mnajua mimi ni fundi simu. Mnajua pia namtaka Zuhura, na kwamba baba yake hajasema ndiyo wala hapana. Leo, siku ya kwanza ya mfungo, mzee kaniita nifuturu kwao. Nikanyoa ndevu. Nikavaa kanzu. (Nilifanya na mazoezi ya kutabasamu kwenye kioo. Nyamazeni.)

Nafika, umeme hakuna. Kipaza sauti cha msikiti kimya. Wingu jeusi limetanda, jua halionekani. Mzee akauliza, "Leo tutajua magharibi na nini?"

Nafasi yangu hiyo! Nikachomoa simu. Asubuhi rafiki yangu wa Aru alinitumia ratiba ya Ramadhani ya msikiti wao. Magharibi: saa kumi na moja na dakika hamsini na tano. Nikatazama saa. Zimebaki dakika mbili! (Njaa ndiyo iliyokuwa inapiga hesabu, si mimi.)

Mama Zuhura akakunja uso. "Mapema hivi? Mimi naona kama bado."

Hapo ningenyamaza. Wapi! Nikafungua darasa.

"Mama, magharibi si giza. Giza inakuja nyuma. Jua ikizama tu, hiyo ndiyo magharibi. Na kuchelewa kufungua si vizuri."

"Huyu kijana iko na elimu," mzee akasema. Zuhura akaniangalia, nikajiona nimeshaoa.

"Bismillahi!" nikatangaza, kifua mbele. Tukaanza. Tende, uji wa ukwaju, sambusa za moto. Mzee mwenyewe ananisogezea sahani. Nilikuwa na furaha mpaka masikioni.

Ndipo wingu likapasuka.

Jua, jamani! Jua zima, juu ya paa la jirani, linammulika mzee usoni na sambusa ya tatu mdomoni. Hakuna aliyetafuna. Na jirani naye akachagua dakika hiyohiyo kupita na baiskeli.

"Salaam aleikum! Kwani nyumba yote iko na ugonjwa, hamfungi?"

Mzee akameza polepole. "Hiyo ratiba umetoa wapi?"

"Kwa rafiki, mzee. Iko Aru."

"Aru iko Kongo."

"Ndiyo, mzee."

"Kongo saa yao iko nyuma na saa moja. Sasa wewe umefungulisha sisi na saa ya Kongo?"

Nilitamani kuingia ndani ya birika. Tukaweka sahani chini, tukakaa karibu saa nzima tunazitazama sambusa, mpaka jua likazama kweli, mbele ya macho yetu sote. Mama Zuhura alikuwa amejifunika kitenge usoni. Nilidhani analia. Kumbe anacheka mpaka mabega yanatikisika, na mzee naye akashindwa kujizuia.

"Hii siku tutalipa wote kisha ya Idi," mzee akaniambia. "Na wewe utakuja kulipa hapa. Simu uache Arua. Utakaa nje, uchunge jua na macho."

Zuhura akanisindikiza hadi mlangoni. "Baba hajawahi kuita mtu mara mbili," akaninong'oneza.

Basi chekeni, lakini taratibu. Na siku nikiwaalika harusini, tafadhali, njooni kwa saa ya Uganda.