Kofia za Njano za Kashojwa

Jumatatu, 8 Septemba. Kashojwa.

Siku kubwa! Watu wa shirika litakalojenga madarasa kule Rubondo wametukusanya makontrakta wote wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale pale Base Camp. Nilivaa koti. Nilikaa mbele. Kichwani mwangu madarasa yale yalikuwa yameshakuwa yangu, hata ukuta wa kuandikia jina langu nilikuwa nimeshauchagua.

Halafu msemaji wao akatamka neno moja, mchana wangu ukaharibika. Cheti! Safari hii kontrakta asiye na cheti cha usalama kazini asijisumbue kuomba. Mkaguzi atatoka Mbarara wiki hii hii, apite kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, ya kila mmoja wetu. Ataangalia kofia, viatu, jukwaa la kupandia ukuta, sanduku la dawa, na kama kuna ofisa wa usalama. Akiridhika, cheti. Asiporidhika, kwaheri.

Nikainua mkono. Nikauliza kama kujenga tangu Uvira kule Kongo mpaka hapa bila kuuawa na ukuta si cheti tosha. Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Barnabé. Huyu ni Mrundi, kontrakta kama mimi, ila yeye ana kofia nyeupe za kweli na mafundi wake huzivaa hata wakati wa kula. Mtu wa kuchosha! Akaniambia mbele ya wote kwamba akipewa madarasa atanipa kibarua cha kubeba maji.

Nimeapa. Cheti nitakipata, tena kabla yake.

Shantie ninayo moja tu, duka la Mama Gaudiose hapa Kashojwa. Kuta zimefika juu ya madirisha. Jukwaa langu ni la miti ya mikaratusi, imeliwa na mchwa kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 9 Septemba. Mbarara.

Nimekuja mjini kununua kofia za ujenzi. Mke wangu Eliane alinionya asubuhi nisirudi na upuuzi. Duka la kwanza, bei ikanirudisha barabarani. Duka la pili nikauliza kama wanakodisha. Muuzaji akaendelea kula.

Nikawa napita sokoni kwa huzuni, na hapo Mungu akanifungua macho. Poti za watoto! Zile za plastiki, za kukojolea. Njano ya kung'aa. Mviringo. Imara. Nikachukua moja, nikaigeuza, nikaivaa. Ikanikaa kama nilipimwa! Kamkono kake kanabaki nyuma kama mkia, lakini nani humtazama fundi kisogoni?

Nikachukua za kikosi kizima. Mama muuzaji akauliza kama watoto wote hao ni wangu. Nikasema ndiyo, na wote ni wa rika moja. Akanipa pole, akaniongezea kipande cha sabuni.

Barnabé, ulale salama. Siku zako zinahesabika.

Jumatano, 10 Septemba. Kashojwa.

Matatizo na wafanyakazi. Bienfait, fundi wangu mkubwa, aliigeuzageuza ile kofia kwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu kabisa:

“Shefu, hii ni kitu ya kukalia.”

Nikamwambia kitu ni kile unachokifanyia. Ukikalia, ni poti. Ukivaa, ni kofia. Nikazitoboa pembeni, nikatia kamba za kufungia kidevuni. Wakavaa. Mama Gaudiose, anayeuza chai na mandazi chini ya turubai mbele ya shantie, alilazimika kuweka birika chini kwanza ndipo acheke vizuri.

Sanduku la dawa: nimetumia boksi la biskuti, nikalichora msalaba mwekundu. Ndani nimeweka bandeji na ile sabuni. Kibao: nilitaka kuandika USALAMA KWANZA kwa herufi kubwa. Herufi zilikuwa kubwa mno. Ubao ukaisha kwenye USALAMA KWA. Nimeupigilia hivyo hivyo. Mwenye akili atamalizia mwenyewe.

Ikabaki ofisa wa usalama. Bienfait alikataa. Wengine walijificha. Nikamteua Eliane. Sababu ni moja: ana filimbi, kwa kuwa ndiye anayefundisha watoto wa Jumapili kanisani, na watu wote wa hapa wanamwogopa. Nilimweleza vizuri kwamba kazi yake ni kusimama.

Kosa kubwa! Mwanamke hakusimama. Kabla sijamaliza kumweleza alishapuliza filimbi. Waliokuja pekupeku akawarudisha nyumbani kutafuta viatu. Matofali yaliyokuwa njiani akaamuru yaondolewe. Kisha akaenda kwenye jukwaa, akabonyeza mti mmoja kwa kidole. Kidole kikaingia ndani.

Akageuka, akanitazama. Akasema:

“Baba Grâce, hapa hakuna mutu atapanda.”

Nikamnong'oneza kwamba yeye ni ofisa wa maonyesho. Akauliza tangu lini. Nikasema kazi itasimama. Akasema isimame. Akafunga kitenge chake chekundu kwenye ngazi, alama kwamba ni marufuku kupita, akaketi chini yake na filimbi mdomoni.

Mchana mzima hatujaweka hata tofali moja. Mama Gaudiose anauliza ukuta wake umekufa au umelala. Ningemfukuza Eliane kazi, lakini jioni lazima nile.

Alhamisi, 11 Septemba. Kashojwa.

Leo kila kitu kimekwenda kama mafuta.

Kwanza, jukwaa. Eliane alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nilifungua kile kitenge. Nikaziba matundu ya mchwa kwa udongo na ile sabuni ya Mbarara, nikapaka chokaa nyeupe juu mpaka chini. Uzuri! Ukilitazama utadhani ni la benki. Nikarudisha kitenge mahali pake, nikakunja vizuri.

Pili, Barnabé. Mkaguzi anakuja kesho, na ataanza kwake. Kwa hiyo nilimtafuta Aimable, dereva wa boda wa Base Camp atakayeitangulia gari ya mkaguzi kumwonyesha njia. Nikamwomba ampitishe kwenye barabara zote mbovu anazozijua. Akifika kwa Barnabé awe amechoka, ana vumbi, ana hasira. Halafu baadaye aje kwangu nimpokee kwa kiti na chai. Aimable alisema ni rahisi sana, barabara nzuri hazijui hata moja.

Eliane amerudi, ameona jukwaa jeupe. Aliuliza kama limepona. Nilimwambia ndiyo. Akaenda kumenya mihogo bila kusema kitu. Sipendi akinyamaza.

Jumamosi, 13 Septemba. Hospitali, Mbarara.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo ndani ya plasta. Lazima niandike sasa, kabla watu hawajaanza kueneza habari zao.

Jana asubuhi tulikuwa bado tunafunga kofia. Ghafla boda, na nyuma yake pikapu. Aimable! Alizunguka barabara mbovu kama nilivyomwomba, akazunguka mpaka yeye mwenyewe akashikwa na njaa. Akakumbuka mandazi ya Mama Gaudiose. Akamleta mkaguzi moja kwa moja kwangu, kabla ya Barnabé, kabla hata mimi sijanawa uso.

Akashuka mama mfupi mwenye viatu vizito, mwili mzima vumbi. Jina lake Madamu Kyarisiima. Ni Munyankole wa Mbarara, Kiswahili chake cha kukata moja kwa moja. Akauliza kontrakta ni nani. Nikajitokeza, nikainama kwa heshima. Kuinama ndiko kulikoniponza. Kamkono kakamjia usoni.

“Hii kitu,” akasema, “mjukuu yangu iko nayo. Lakini yeye anakalia.”

Nikamwambia ni aina mpya, kutoka Asia. Akaenda kwenye kibao, akasoma kwa sauti.

“Usalama kwa. Kwa nani?”

Ndipo Bienfait, ambaye hakuna aliyemuuliza, akajibu:

“Kwa shefu, Madamu.”

Akafungua sanduku la dawa. Ndani, parachichi la Bienfait na chumvi yake kwenye karatasi. Alikuwa ameliona boksi zuri, akaweka chakula. Bandeji alikuwa ameifungia parachichi lisigongwe. Nikasema parachichi ni zuri kwa ngozi. Madamu akafunga sanduku polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye maiti.

Akauliza ofisa wa usalama yuko wapi. Eliane akaja na filimbi yake. Nikajua hapa ndipo nitakapookoka, kwa sababu mke hamwangushi mumewe mbele ya serikali. Madamu akamuuliza kama jukwaa hili ni zima.

“Hapana,” Eliane akasema. “Juzi lilikuwa limeoza. Jana lilipakwa rangi.”

Mke wangu! Mwanamke niliyevuka naye ziwa!

Nikaona cheti kinaondoka. Nikaona Barnabé na madarasa yangu, na mimi na jerikeni. Nikapaza sauti kwamba maneno ni maneno, macho ni macho. Nikavuta kitenge, nikapanda. Eliane akapuliza filimbi. Nikaendelea. Akapuliza tena, akaniita jina langu la ubatizo, Anselme, ambalo hulitumia kwenye misiba tu. Nilipofika juu nikasimama katikati ya ubao, nikanyoosha mikono, nikawaambia watazame. Nikaruka. Mara ya kwanza, salama! Barnabé angekuwepo angelia. Nikaruka mara ya pili.

Ya pili sikumbuki vizuri. Nakumbuka sauti kama mtu anayetafuna muwa. Halafu nilikuwa kwenye rundo la mchanga na mkono wangu ulikuwa umeelekea upande usio wake. Poti ilikuwa imenishuka mpaka chini ya macho, imekwama masikioni.

Niliivuta kwa mkono mzima nikapata kuona kidogo. Ule ubao wa juu ulikuwa umeanguka mbali nami, umesimama wima ndani ya karai la udongo. Hapo ndipo Bienfait hukoroga udongo kila siku. Jana hakuwepo kwa sababu Eliane alikuwa amewaondoa wote alipopuliza filimbi. Bienfait mwenyewe alikuwa ameliona hilo. Alikuwa anautazama ubao, ameshika kofia yake ya njano mikononi.

Eliane akapiga magoti kando yangu. Nilidhani atanigombeza. Akanipangusa mchanga mdomoni.

“Ingekuwa yeye,” akasema, “ningeenda kumwambia nini mama yake?”

Niliogopa, naandika ukweli. Niliogopa kweli, na hofu hiyo haikuniacha mpaka tulipokaribia Kabingo, njiani kwenda Mbarara.

Madamu Kyarisiima alinipakia mbele kwenye pikapu yake, akanileta Mbarara mwenyewe. Njia nzima maumivu, mashimo, na poti kichwani. Tulipofika kwenye lami nikapata nguvu, nikamuuliza kama kwa kuwa jukwaa lilivumilia mruko wa kwanza hawezi kunipa nusu cheti. Akasimamisha gari kando ya barabara. Akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaendesha tena.

Hapa hospitali waliikata poti kwa mkasi. Nesi aliita wenzake waje kuona kwanza. Akaniuliza mtoto mwenye poti yuko wapi.

Jumapili, 14 Septemba. Hospitali.

Wageni. Bienfait amekuja na uji. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba hatapanda tena jukwaa langu lolote, hata nikilijenga kwa chuma, na kwamba uji niunywe ukiwa moto. Nilimwambia asamehe. Akasema ameshasamehe, ila hapandi.

Halafu akaja Barnabé! Na machungwa! Amepata cheti chake; Madamu alirudi jana kumkagua. Nilingoja acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema yeye pia aliwahi kumwona fundi akianguka, zamani, kwao Burundi, na huyo hakuletwa hospitali. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza na kofia. Nikamenya chungwa kwa mkono mmoja, sikujua nitazame wapi.

Ndipo akatoa habari yake. Madarasa yatajengwa naye, na anamtaka Eliane awe ofisa wake wa usalama. Madamu Kyarisiima mwenyewe ndiye aliyemwambia, tena ameshamtafutia Eliane nafasi kwenye mafunzo hapa Mbarara. Bienfait naye atahamia kwa Barnabé. Nikamwambia Barnabé kwamba suala la mke wangu atalisikia kutoka kwangu, nikishalifikiria. Akakohoa. Akasema Eliane alikubali jana.

Jumatatu, 15 Septemba. Hospitali.

Nimekuwa na muda wa kutafakari. Mtu akilala chali anaona mambo waziwazi. Nilikosea, nakubali. Nilishughulika na watu wa usalama, na watu wa usalama hawana utani. Kosa lilikuwa kuchagua kazi ambayo mkaguzi anaweza kuibonyeza kwa kidole.

Kitanda cha jirani amelala mzee mmoja wa kambi ya Oruchinga, anaitwa Gatete, anatibiwa goti. Leo asubuhi ameniambia kule kwao wanatafuta mtu wa kutia umeme kwenye zahanati mpya. Aliyekuwepo ameondoka. Waya zimeshaletwa, fundi hakuna.

Nikamuuliza, bila kuonyesha hamu, kama wanataka cheti. Akasema hajasikia habari ya cheti. Nikamwambia basi amempata mtu. Akautazama mkono wangu, akauliza kama nimewahi kufanya kazi ya umeme. Nikamwambia huu mkono ndio ushahidi.

Eliane anakuja saa kumi na chakula. Simwambii kitu. Plasta ikitoka tu, Oruchinga! Sijawahi kushika umeme, lakini nimeufikiria tangu asubuhi na sioni ugumu wake. Ukuta una matofali mangapi? Hayahesabiki. Umeme ni waya mbili tu.