Mama Mukwe Kando Yangu kwa Masaa Nane

Kindu, komine ya Kasuku

Kwa Bwana Mukurugenzi wa ile kampuni ya ndege iliyotupeleka Ulaya (jina munalijua ninyi wenyewe, mimi siwapigii matangazo ya bure)

Bwana Mukurugenzi muheshimiwa,

Pokea salamu za Muzee Okito Gérard, mimi mwenyewe, kwa mukono wangu mwenyewe. Sikutafuta muntu wa kuniandikia. Nilifika darasa la tatu kwa mapadri, na darasa la tatu la wakati ule, ukilipima leo, ni universite. Kwa hiyo ukiona kosa ndani ya barua hii, ujue ni la kalamu.

Nakuandikia ju ya viti.

Ndege yenu ni kubwa, sikatai. Nilipoiona kule Kinshasa nilizani ni nyumba ya gorofa wameilaza chini. Ndani, viti ni kumi kwa mustari mumoja: vitatu kwa dirisha, njia, vine katikati, njia, vitatu tena. Yule aliyevipanga alihesabu makalio tu. Hakuuliza makalio ya nani yanakaa kando ya makalio ya nani.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mama Mukwe wangu, mama muzazi wa muke wangu Odette, aliingiwa na mutoto wa jicho, macho yote mawili. Mujukuu wake Ephraïm, mutoto wangu mimi, anafanya kazi hospitalini kule Ulaya, akatuita. Viza zikatoka mbili: yangu na ya Mama Mukwe. Ya Odette walikataa, wakasema hana sababu ya kutosha ya kurudi kwao. Niko mimi hapa Kindu, na Odette hana sababu ya kurudi! Lakini hao wa viza wana barua yao, itakuja.

Jicho la kwanza lilipona. La pili daktari amelipangia tarehe kumi na ine ya mwezi ujao. Na mimi nimeapa, mbele ya shemeji yangu Michel na jamaa yote, kwamba sipandi tena ndege yenu mupaka viti vibadilike. Nisipopanda mimi, yeye haendi, ju hawezi kusafiri peke yake na jicho moja, na Kifaransa hakijui. Jamaa wananilaumu. Waniache. Walaumu wenye ndege. Lile jicho, Bwana Mukurugenzi, liko mukononi mwako, si mwangu.

Labda kwenu hamujui ukwe. Nitakufundisha bila malipo. Kwetu mwanaume na mama mukwe wake hawakai benchi moja. Hawagusani hata nguo. Hawali wakionana. Jina lake silitaji, na hata hapa siliandiki. Liko kwa tiketi, mulisome wenyewe. Nikimuona njiani, mimi njo naingia majanini mupaka apite. Akiwa na neno, anamuambia mutoto, na mutoto ananiambia. Miaka makumi tatu na mbili sijamukosea hata mara moja. Uliza Kasuku yote, watakuambia hakuna mukwe kama mimi. Kama hawakuambii, ni wivu.

Ninyi mukatupa 41D na 41E. Mimi kwa njia, yeye bega kwa bega na mimi. Masaa nane.

Haya njo malalamiko. Nimeyapa namba ili yasipotee ofisini kwenu.

1. Mukono wa kiti. Kati ya kiti changu na chake kulikuwa na mukono mumoja tu. Nauliza kwa heshima: ule mukono ni wa nani? Kama ni wangu, Mama Mukwe aweke wapi kiwiko chake? Kama ni wake, mimi niweke wapi changu? Nilikipeleka njiani. Hotesi wenu akapita na kigari cha vinywaji, akakigonga. Nikakirudisha ndani, nikakifunga kwa mukaba pamoja na tumbo. Hivyo njo nilivyosafiri kwenda Ulaya, nimefungwa kama kuku wa kuuza.

2. Magoti. Bwana wa mbele alibonyeza kitu fulani, kiti chake kikalala. Akalala juu ya magoti yangu kama mutoto wangu wa mwisho. Hilo nililivumilia. Lakini Mama Mukwe ni muzee, anahitaji kwenda choo, na kutoka kwake njia ni moja: mbele yangu. Alitoka mara ine. Mara ya kwanza nilikuwa nimesinzia. Kwa sababu haoni, akapapasa kutafuta njia, mukono wake ukafika kwa uso wangu. Kwa uso, Bwana Mukurugenzi! Nikaruka juu na mukaba umefungwa. Mukaba ukanirudisha chini. Watu wa mustari wa nyuma wakacheka, na mimi nilishakuwa katibu wa chama cha wazee.

3. Chakula. Walileta kuku na wali. Mukwe hali mbele ya mama mukwe wake. Nikafunika kichwa na blanketi ili nisimuone akila, na yeye asinione nikikaa njaa. Hotesi akazani nina baridi, akaleta blanketi ya pili. Baadaye ya tatu. Jasho likanitoka mupaka kwenye soksi. Sikula hata punje moja, na ninaweza kukaa njaa siku tatu, hilo linajulikana. Lakini kuku nilikuwa namunusa.

La ine nimelisahau. Likirudi nitaliandika pembeni.

5. Musemaji. Hili njo kubwa. Ndani ya ndege nzima hamukuweka muntu wa kubeba maneno kati ya mukwe na mama mukwe. Ikabidi tumutumie mufanyabiashara mumoja wa Kampene, Zéphirin, aliyekaa upande mwingine wa Mama Mukwe. Muntu hakutujua, hatukumujua. Mama Mukwe anamuambia, naye anainama mbele yake na kuniita:

«Muzee, mama anasema toa blanketi kichwani, watu wanazani umekufa.»

«Muambie nashukuru, bado naishi, ila namuheshimu.»

Zéphirin anamugeukia, anamuambia. Mimi nasikia kila neno, maana niko hapo hapo. Yeye pia alishanisikia. Lakini desturi ni desturi. Kisha inarudi:

«Anasema heshima gani hii inatoa jasho. Anasema pia hiki kikombe kina nini, chai ao maji? Asije akajiunguza.»

«Muambie ni chai. Angoje kidogo.»

Tukaenda vile masaa sita. Kikombe ni nini, karatasi ni ya nini, kwa nini masikio yanaziba, tumefika bahari ao bado. Mwishowe Zéphirin akakasirika: «Baba, mama, mimi si simu! Mumekaa mumegusana mabega, na mimi njo nachoka shingo?» Akafunga macho yake. Sikumulaumu. Ni kazi yenu mulimuachia.

Kutoka hapo, Mama Mukwe alikuwa na maneno na hakuwa na mubebaji. Kisha akayasema hewani, akiangalia mbele, kana kwamba anaambia kile kiti. Na mimi nikajibu hewani. Sitaandika tuliyoongea. Ilikuwa masaa mawili. Lakini ni kosa lenu.

Sasa usiseme muzee analalamika bila dawa. Dawa ninayo, na niliifanya kwa mikono yangu.

Wakati wa vita, reli ilipokatika na Kindu ikabaki kisiwa, kila kitu kiliingia kwa ndege: chumvi, sabuni, wali, na watu pia. Ndege zenyewe zilikuwa mikebe ya mizigo, zimeletwa na marubani wa mbali waliozoea kunywa. Viti havikuwa. Na nani alikuwa anapanga watu ndani? Mimi. Kiwanja kizima kilinijua. Nilipanga abiria makumi sita na wawili, tani tatu za mizigo na mbuzi kumi na mumoja, na hakuna aliyeketi mahali pasipomufaa. Wanaume ukuta huu, wanawake ukuta ule, mifuko katikati kama mulima. Mukwe na mama mukwe? Mulima kati yao. Watu walikuwa wanakimbia risasi, wengine hawakuwa na viatu, lakini nilikuwa nawauliza kwanza ju ya ukwe: «Uko na bokilo wako humu?» Ndipo nawaweka. Kuna siku nilichelewesha ndege dakika makumi ine, vita vinasikika ng'ambo ya muto, ju Jacques wa Kibombo alikuwa na mama wakwe wawili. Rubani alinitukana kwa kizungu chake. Nikamuambia ngoja. Akangoja.

Ni kweli tulikuwa tunakaribia kuanguka. Ni kweli mbuzi walikuwa wanatembea juu ya watu. Lakini hakuna mukwe aliyegusa mama mukwe, na hakuna aliyeuliza juu ya magoti.

Kwa hiyo naomba, bila kulazimisha:

Kwanza, kabla ya kuuza tiketi, muulize: «Uko na bokilo wako humu?» Ni neno moja, halina gharama.

Pili, mutoe vile viti vine vya katikati, muweke mifuko ya wali toka mbele mupaka nyuma. Itazuia macho, na ndege ikikosa chakula, chakula kiko.

Tatu, ndege yenu ina milango mingi, niliihesabu. Kwa nini sisi wote tunaingizwa kwa mumoja? Wakwe waingie nyuma, mama wakwe waingie mbele, na katikati muweke mutoto wa kubeba maneno, aliyelipwa, mwenye shingo nzuri.

Ine, kama haya yote yanawashinda, basi mutume ndege mbili. Ya Mama Mukwe itangulie. Yangu iifuate nyuma, mbali kidogo, polepole, na isithubutu kuipita njiani. Yake ikitaka kusimama, yangu iingie kwenye mawingu mupaka yake iondoke.

Mukikosa muntu wa kupanga hayo, niko tayari kuja kuwafundisha wapangaji wenu. Niletwe kwa meli.

Jibu lako lifike kabla ya tarehe kumi na ine, ju jicho halingoji barua za ofisi. Kila siku yule mama anaketi kwenye uwanja wake, anafunika lile jicho zima kwa mukono na kujaribu lile bovu, aone kama limeamka lenyewe. Halijaamka. Nikiona vile nazunguka nyuma ya nyumba. Kiapo nilichokula ni kikubwa, siwezi kukila na kukitapika mbele ya Michel. Wewe peke yako njo unaweza kunitoa humu.

Salamu kwa rubani, alitushusha vizuri, sina neno naye. Salamu kwa hotesi wa blanketi, roho yake nzuri. Musalimie bibi yako na watoto, na kama mama mukwe wako anaishi, musalimie kupitia muntu.

Mimi niliyekasirika bila kukosa adabu,

Muzee Okito Gérard
Kasuku, Kindu

P.S. Bwana Mukurugenzi, nilikuwa nimeshapaka gundi kwa bahasha. Nikamuambia mujukuu wangu Aïcha asome kwa sauti, anihakikishie maneno. Sikujua Mama Mukwe alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, alikuja kumuona binti yake. Alisikia yote, na ile ya ndege mbili. Akamutuma Aïcha kwangu, na nakuandikia maneno yake kama yalivyofika:

«Muambie babu yenu asitukane wenye ndege. Kule Kinshasa, yule binti wa tiketi alitaka kunipeleka mbele, kwa dirisha, peke yangu, mahali pazuri. Nikakataa. Nikamuomba aniweke kando ya huyu. Sikuwa naona hata vidole vyangu, na ndani ya ile nyumba yote sauti niliyoijua ilikuwa moja. Muambie namna hiyo. Na muambie Michel pia ameambiwa, kwa hiyo kiapo kimeisha.»

Nikamuambia Aïcha aende aseme kwamba nimesikia.

Basi hamuna kosa. Hilo neno halikunipendeza kuliandika, njo maana nimeliweka huku chini kabisa, mahali ambapo wakubwa hawafiki. Tarehe kumi na ine tupatieni 41D na 41E. Hata mukipata wazo la kuvitanua viti, mungoje tushuke kwanza.