Mkalimani wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaja kunywa chai na kofia mpya, na mezani hakuivua. Sababu: wiki iliyopita aliwaonyesha wanafunzi wa ng'ambo, kupitia kompyuta, namna ya kuchonga mwiko. Kuna mpango siku hizi wa kuwakutanisha watoto na wasanii wa dunia nzima bila mtu kutoka kwake. Sasa anajiita msanii wa kimataifa. Kwa mwiko mmoja! Mimi nimesoma kabati zima la vitabu, na tangu tuhamie nchi hii, yapata miaka thelathini, hajatokea mtu wa kuniuliza kwetu kulikuwaje. Nami nataka darasa la kunisikiliza, walau mara moja. Nitalipata.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwandikia mama mratibu wa mpango kwamba nyumbani kwetu yuko mfinyanzi hodari. Sikusema uongo. Ni mke wangu. Niliongeza tu kwamba mfinyanzi huyo hajui ila lugha yetu, na kwamba kwa bahati njema yupo mkalimani. Jibu limekuja kabla ya adhuhuri: karibuni Alhamisi.

Mke wangu hakukataa. Aliuliza tu mkalimani wa nini, maana mikono inajieleza. Nikamwambia aniachie mimi. Yeye hutumia maneno kama mtu anayetia chumvi. Mimi nitatia mchuzi.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Hotuba yangu inaanzia asili ya udongo na kuishia machungu ya ugenini. Nilipofika kwenye mito na kumbukumbu, ukingo wa chungu ulikuwa umeshakauka na kupasuka. Mke wangu akasema udongo hausubiri hotuba, mzee. Binti yetu akaitegesha kompyuta juu ya kamusi zangu ili kamera ifikie meza. Mama yake akasema Mungu si Athumani, hata vitabu vya baba yako vimepata kazi. Wakacheka wote wawili. Shemeji alipiga simu kunitakia heri, akanishauri nisiikodolee kompyuta macho kama mtu anayengoja hukumu. Husuda ni ugonjwa mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Siku yenyewe. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini bibi analowesha vidole. Mke wangu akajibu kwamba asipolowesha, udongo unamganda. Nikatafsiri: nikagusia mto wetu, mvua za kwetu, safari ya binadamu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mwingine akauliza utajuaje chungu kilichochomwa ni kizima. Mke wangu akasema unakigonga, kikilia vizuri ni kizima. Nikatafsiri tena. Nilikuwa nimeshafika kwa wafalme wa kale, msichana wa mstari wa pili akanyoosha mkono na kusema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Shikamoo, babu. Samahani, lakini bibi hajasema hivyo."

Hili sikulifikiria. Nilidhani tuliohama ni sisi tu.

Mwalimu akamwomba msichana atafsiri yeye. Darasa likachangamka. Mke wangu akawa anamwita yule msichana mjukuu wake, akaongea naye kuliko alivyoongea nami mwezi mzima. Mimi nikapewa taa niishike, kwa kuwa mlango wa dirisha ulikuwa unatupa kivuli mezani.

Mwishoni yule msichana akanihurumia. Akauliza, babu, kwenu udongo mlikuwa mnachimba wapi? Swali nililolingoja miaka yote, na hotuba ninayo mfukoni! Nikasema: "Karibu na mto." Basi. Hotuba ikabaki mfukoni. Nikageukia ukuta.

Ndipo mke wangu akanitafsiri mimi. Akasema mzee huyu ndiye aliyekuwa akimbebea udongo, kikapu kwa kikapu, akidai eti ana safari zake huko huko mtoni. Hakuwa na safari yoyote. Msichana akalifikisha lote kwa darasa. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu akavua miwani, akaifuta.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mratibu kaandika. Mke wangu amealikwa tena, na mkalimani atakuwa yule msichana. Watoto wanauliza kama babu wa taa atakuwepo. Binti yetu anasema nikubali, baba, wamekupenda hivyo hivyo ulivyonyamaza. Shemeji anasema kushika taa si haba, wapo walioanza na kibiriti.

Hawaoni mbali. Hesabu ni rahisi: maneno matatu, darasa zima makofi. Shemeji na mwiko wake hakupigiwa hata kofi moja, nimeulizia. Kipaji changu kimejulikana: kusema kwa ufupi. Nimemwomba mama mratibu anipangie siku yangu mwenyewe, bila udongo, niwafundishe watoto sanaa hiyo. Somo nimeanza kuliandika tangu asubuhi. Niko ukurasa wa tisa, na salamu bado hazijaisha.