Fremu za Betri na Afisa Asiyepiga Picha

Osewe alikuwa anapita Makina, mtaani Kibra, asubuhi akitafuta mtu mwenye imani, kwa sababu kazi yake yote ilitegemea watu wa aina hiyo, alipoona mwanamke amesimama juu ya kiti, ameinua betri kubwa kama tofali. Watu kama ishirini walikuwa wamemzunguka. Mwanamke akaiachia. Betri ikagonga saruji, ikaruka, ikatulia. Akashuka, akaunganisha waya mbili, na mashine ya kunyolea iliyokuwa mezani ikaanza kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Vinyozi waliokuwa mbele wakatazamana.

Osewe hakujua chochote kuhusu betri. Alichojua ni nyuso, na nyuso za wale vinyozi zilimwambia kwamba mbele yake kuna mali.

Huyu Osewe aliishi Sarang'ombe na hakuwahi kumpiga mtu wala kuvunja mlango. Alishawahi kuuza nafasi kwenye foleni ambayo haikuwepo, na kwa miezi miwili alikodisha choo cha kanisa kwa wapangaji wa ploti jirani, mpaka mchungaji alipojiuliza kwa nini waumini wanaongezeka siku za kazi. Alipenda watu wamkabidhi vitu kwa mikono yao wenyewe, ikiwezekana wakimshukuru.

Mwanamke wa betri aliitwa Kageha. Alinunua betri za laptop zilizokufa, akazipasua, akatoa zile seli ndogo za mviringo zilizo ndani, na zile ambazo bado zina nguvu akaziunganisha kuwa betri mpya. Mafundi wengi hufanya hivyo, ila wao hufunga seli zao kwa tepu. Tepu ikilegea, seli husuguana, hupata joto, na siku moja huwaka. Miaka miwili nyuma betri ya tepu ilikuwa imewaka chini ya kitanda cha Mbula, rafiki yake anayeuza chai kibanda cha pili, ikachoma nyumba nne. Tangu siku hiyo Kageha alikuwa anachora fremu.

Fremu yenyewe ilikuwa kipande cha plastiki kisichozidi kiganja cha mtoto, chenye tundu la kuingiza seli na meno ubavuni. Unakishika kimoja, unakisukuma kwa kingine, tap, vimeshikana. Hakuna gundi, hakuna skrubu, na kila seli inabaki na nafasi yake ya kupumua. Meno yakiwa marefu sana yalivunjika, yakiwa mafupi yaliachia. Betri iliyoangushwa kutoka juu ya kiti ilitokana na mchoro wa arobaini na moja.

Osewe alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho, na alipokuwa anasikiliza, kichwani mwake alikuwa ameshafika Kawangware kwa Duncan. Duncan alikuwa na duka la betri na mashine ya kumwaga plastiki iliyotengeneza hanga za nguo, na alikuwa na udhaifu mmoja: akiona kitu kizuri alitaka kiwe chake peke yake, wengine wakitazame tu. Mtu kama huyo angenunua uvumbuzi huu haraka sana, mradi auziwe na mvumbuzi. Na Osewe hakuona sababu ya mvumbuzi kuwa Kageha.

Kesho yake alirudi amechomekea shati, na kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Niaje, madam," alisema. "Shirika letu linatafuta wavumbuzi wa mtaa. Kuna tuzo."

Kageha aliuliza ni shirika gani, naye akataja jina refu la Kiingereza ambalo hata yeye asingeweza kulirudia. Kageha akamfutia kiti. Osewe akauliza maswali, akaandika kwenye daftari, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu, na baada ya saa nzima akaaga.

"Huyo si afisa," Kageha alimwambia Mbula.

"Umejuaje?"

"Amekaa hapa saa nzima na hajanipiga picha."

Mbula alifikiri kidogo, akakubali. Kibra hii afisa wa shirika hupiga picha kabla ya kusalimia. Hukupiga ukicheka, halafu hukuomba usicheke sana.

Kageha hakumfukuza. Alikuwa na kazi ya vinyozi sita waliotaka betri za kunyolea stima ikipotea, na fremu zikitoka kwenye mashine yake ndogo ya kuchapa plastiki zilikuwa na kingo kali zilizohitaji kupigwa msasa, moja moja. Kwa hiyo Osewe aliporudi siku ya tatu akisema angependa kujifunza ili aandike ripoti nzuri, alimkabidhi msasa. Alimwambia kwamba ukitaka kuijua fremu, unaanza na kingo.

Osewe alizijua kingo kwa wiki tatu. Alipiga msasa fremu mia sita na zaidi, vidole vikamchubuka, na kila jioni alienda nyumbani akijipongeza kwa jinsi anavyomlaghai yule mwanamke. Ajabu ni kwamba alikuwa anajifunza kweli. Alianza kutambua kwa kusikia kama jino limeshika au limedanganya. Siku moja alimrudishia Kageha fremu nne akisema tundu ni dogo, na Kageha alipopima alikuta anasema ukweli, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa muda.

Vinyozi walipochukua betri zao, Osewe aliomba mchoro. Majaji wa tuzo wanautaka, alisema, akatoa flashi mfukoni.

Kageha aliishika ile flashi, akaigeuza kiganjani. Alikuwa amejua siku hii itafika, lakini kujua hakukumpunguzia hasira. Ilikuwa miaka miwili ya kuchosha macho yake. Angeweza kupaza sauti aite mwizi, na pale Makina neno hilo lingejaza njia watu kabla hajalimaliza, na mtu huyu asingefika nyumbani mzima. Hakutaka hilo. Alifikiri pia kumpa mchoro mbovu, ule wa saba, ambao meno yake yalivunjika. Ila fremu mbovu ingeishia chini ya kitanda cha mtu.

Akaingia ndani, akafungua mchoro wa arobaini na moja, na upande wa chini wa fremu akaongeza namba yake ya simu kwa tarakimu ndogo zilizoinuka, mbili mbili, zimetenganishwa kwa nukta. Akamletea Osewe flashi yake.

"Wasalimie majaji," alimwambia.

Osewe asingeitambua namba hiyo hata angeiona, kwa kuwa hakuwahi kuichukua. Watu wa kazi yake hawabadilishani namba za simu.

Kule Kawangware alimshangaza Duncan. Alibana fremu ishirini alizotoka nazo Makina kwa kufumba na kufumbua, akaeleza joto, akaeleza mashimo ya barabarani, akaeleza masiku mengi aliyokesha akichora, na hapo akaonyesha vidole vyake vilivyochubuka, kwa uchungu wa kweli. Duncan alitaka kujua kitu kimoja tu, kama kuna mtu mwingine aliye na mchoro huu. Osewe akaapa hakuna. Kisha Duncan akaikaribia kompyuta.

"Hizi namba za chini ni za nini?"

Osewe naye alikuwa anaziona kwa mara ya kwanza. "Vipimo vya kimataifa," alisema. "Ukizitoa, meno hayashiki."

Duncan aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua hivyo, akamwagiza fundi wa kuchonga ukungu wa chuma, yaani kalibu ya kumwagia plastiki, asiache hata tarakimu moja.

Malipo yalisubiri mpaka fremu za kwanza zilipotoka kwenye mashine na kuanza kuuzwa. Osewe alipokuja kuchukua chake, Duncan alimwonyesha katoni ya seli mpya mia mbili, ambazo ubavuni ziliandikwa nguvu mara tatu ya seli ya kawaida. Alimweleza kwamba pesa taslimu ipo, akiitaka, ila hizi zikiuzwa zitaleta mara mbili yake, na kwamba anampa yeye kwa sababu mvumbuzi humheshimu mvumbuzi. Osewe akachagua katoni. Duncan akamsaidia kuifunga kamba.

Aliipeleka kwa fundi mmoja wa Riruta Satellite. Fundi alichukua seli moja, akaipima kiganjani, akayatazama maandishi yake, akamtazama Osewe kwa huruma. Akaikata kwa koleo. Ndani kulikuwa na kiseli kidogo kama kipande cha chaki, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa imejazwa unga mweupe.

"Hii unaweza kusonga ugali," fundi alisema.

Wakakata nyingine tano. Zote zilikuwa hivyo. Osewe akabeba katoni yake mpaka stendi ya boda, akaiweka chini, akakaa kando yake. Aliyekuwa anamuuma si Duncan. Kilichomuuma ni vile alivyokuwa amemshukuru.

Karibu naye, mwendesha boda mmoja aliyeitwa Phanuel alikuwa amemwaga fremu na seli kwenye gunia. Zilikuwa fremu za Duncan, Osewe alizitambua kwa rangi ya hanga. Phanuel alizisukuma kombo, zikamgomea. Akaigeuza moja, akasoma chini yake, akatoa simu na kupiga, sauti imefunguliwa.

"Kageha wa fremu, Makina," simu ilijibu. "Shida ni gani?"

Osewe aliijua sauti hiyo. Akaokota fremu moja, akaigeuza, akazisoma zile tarakimu upya, taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa yeye. Mdomo ukamtangulia. "Unasukuma ubavu," alimwambia Phanuel. "Anza na kona."

Kageha aliisikia sauti hiyo. "Nani huyo ameongea?"

"Kuna jamaa hapa anaonekana anajua," Phanuel alisema.

"Mpe simu."

Osewe akaishika kama kitu cha moto.

"Afisa," Kageha alisema.

"Madam."

"Ripoti imeisha?"

"Karibu."

Hakumtukana. Alimwambia kwamba simu hailali tangu wiki jana, watu wa Kawangware na Satellite wanataka wafungiwe betri. Duncan amepiga mara tatu: ya kwanza kutisha, ya pili kuuliza ukungu mwingine wa chuma, usio na namba, utachukua muda gani, ya tatu kwa adabu. Wamekubaliana mashine yake itamfanyia Kageha kazi Jumanne na Alhamisi, na fremu zitauzwa kwa jina la Kageha.

"Na mimi?" Osewe aliuliza. Hata yeye hakujua anauliza nini.

"Wewe mfungie huyo betri yake vizuri. Acha nafasi ya waya."

Akakata simu. Osewe akapiga goti kwenye gunia. Akaanza na kona, akasikiliza kila jino, fremu mbili alizozitilia shaka akazirudia. Phanuel alishika seli, akampa moja moja. Walimaliza safu tatu.

Alipoinua kichwa, katoni haikuwepo. Mbele kabisa, karibu na maduka, mtu mmoja alikuwa anakata kona akiwa nayo begani, akikimbia kwa wepesi kuliko mtu aliyebeba seli mia mbili anavyopaswa kukimbia. Osewe akajaza kifua apige kelele. Kisha akaitoa ile pumzi polepole, akamwombea jamaa asiangalie nyuma, akanyoosha mkono apewe seli nyingine.