Vikombe vya Wafu wa Horezu

Jumatano, 4 Juni
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Jumamosi ni siku ya wafu: kila nyumba itampa jirani kikombe kipya cha udongo kilichojaa divai, na mshumaa, kwa jina la marehemu wake. Jirani anakunywa, marehemu naye anapata cha kunywea huko aliko. Sasa mimi mfinyanzi nihangaike kwa nini? Mfu atamlalamikia nani? Nitavichoma nusu moto, na ndani sipaki dawa ya kung'arisha na kuziba udongo. Kuni kidogo, bei ileile! Pamfil wa ng'ambo ya barabara anachochea tanuri lake kutwa kucha. Bwege.

Jumamosi, 7 Juni
Vimeisha vyote! Pamfil kabaki na vyake. Akaja kugonga kikombe changu kwa ukucha, akauliza mbona hakilii kama kilichoiva. Nikamjibu wafu hawapendi kelele. Soko zima likacheka. Raha iliyoje!
Kwa jina la marehemu mama nami nilitoa kimoja, kile chenye ufa. Kizima kilikuwa na mteja.

Jumapili, 8 Juni
Pipa la maji la karakana limekauka. Halivuji, nimelikagua. Udongo niliouacha kwenye gurudumu la kufinyangia una alama za vidole vyembamba. Si vyangu. Pamfil huyo!

Jumatatu, 9 Juni
Vikombe vyangu vimerudi. Vimepangwa kizingitini, vimefudikizwa, vikavu, vinanuka nta ya mishumaa. Nikaenda kumfokea Pamfil. Mkewe akasema yuko kwa binti yao mjini Craiova tangu Jumamosi jioni.
Njiani Bibi Lixandra, mjane wa mhunzi, akanishika mkono. Amemwota mumewe.
"Mwanangu Ilarie, anakinga kikombe, divai inapita chini. Nikamwambia nenda kwa aliyekiuza. Akasema wameshakwenda wote, wako kwenye foleni."
Nikamshauri apunguze jibini usiku, ndiyo inayoleta ndoto. Nilirudi nyumbani nikigeuka nyuma kila hatua.

Jumanne, 10 Juni
Leo kwenye gurudumu kuna kikombe kibichi. Sikukifinyanga mimi. Ukingo umebinywa upande mmoja, kama alivyobinya mama enzi zake, na hakuna mwingine aliyeweza. Nililia kama mtoto. Mama yangu ana kiu, na kiu hiyo nimempa mimi.
Nikakimbia kwa mke wa Pamfil, nikanunua kikombe kizima. Aibu gani! Nikakijaza divai nzuri, nikampa Bibi Lixandra kwa jina la mama. Akanywa polepole hadi tone la mwisho. Kisha akasema, kwa sauti isiyo yake, "Ahsante, Larie."
Larie! Tangu mama azikwe hakuna aliyeniita hivyo.

Jumatano, 11 Juni
Vile vidole vyembamba havikuja. Vingine vimekuja, vingi, vinene, hadi ukutani. Pipa kavu tena. Nilikaa chini, nikawahurumia wafu wale kwa kweli.
Halafu nikawaza. Wote hawa wanahitaji kikombe cha pili. Jamaa zao watanunua upya! Na mzigo umenirudia bure mlangoni. Nimeshinda nikiziba vikombe kwa nta. Vitashika divai mpaka mteja afike kwake.
Kimoja nimemwachia Bibi Lixandra akitoe kwa jina langu, siku nitakapokufa. Kile chenye ufa. Kizima kina mteja.